Marando ya Mama Apiyo

Kila jioni ya kiangazi Achola alipotoka shuleni, alivua sare, akanywa uji uliobaki asubuhi, kisha akateremka bondeni na mtungi mtupu. Nyumba yao ilikuwa juu kidogo ya ufuo wa Dunga. Njia ya bondeni ilipita nyuma ya nyavu za kuanikia omena, wale dagaa wa ziwani, ikapenya vichakani, ikaishia pale mafunjo yanapoanza na udongo unapobaki na unyevu hata jua liwe kali vipi. Hapo mama yake, Selpha, alikuwa na kipande cha ardhi kisichozidi upana wa vyumba viwili. Hakikuwa shamba la chakula. Kilikuwa kitalu cha marando, yale mashina ya viazi vitamu yanayotambaa, ambayo hukatwa vipande na kupandwa mvua inapofika.

Achola hakukipenda kitalu hicho. Alichota maji ziwani, akamwagilia, akarudi kuchota tena. Kisha alilazimika kuukagua ua wa miiba, maana viboko hutoka majini giza likiingia, na kiboko mmoja tu angeweza kukimaliza kitalu kizima kabla ya asubuhi. Aliporudi nyumbani mikono ilimuuma, na kazi za shule zilikuwa bado zinamngoja.

"Mama, kwani lazima tuyapande kule mbali?" aliuliza jioni moja. "Si marando yamejaa hapa nyuma ya jikoni?"

Selpha alikuwa ameketi kwenye kigoda, miguu yake ikiwa ndani ya karai la maji. Kutwa nzima alikuwa ufuoni akianika na kugeuza omena za wachuuzi. Alirudi kila siku mgongo ukiwa mzito, na alizungumza polepole, kama mtu anayehesabu pumzi zake.

"Hayo ya nyuma ya jikoni ni mabaki, nyathina," alisema. Ndivyo alivyomwita kila mara, mwanangu, kwa Kijaluo. "Tangu mwaka jana tunachimba pale udongo ulipopasuka, penye kiazi kikubwa. Mimea mizuri yote tumeila. Iliyobaki ni ile iliyoshindwa kuzaa. Hebu yatazame majani yake."

Achola aliyatazama. Yalikuwa madogo, yamejikunja pembeni, na rangi ya manjano imetambaa kwenye mishipa yake.

"Yana kiu tu."

"Mmea wenye kiu huinama saa sita mchana, jua likishuka ukainuka. Haya asubuhi yamejikunja, jioni yamejikunja. Haya yanaugua. Yale ya bondeni niliyakata kwenye mimea iliyostawi, kabla hatujaichimba, nikayapeleka mbali ili yasiambukizwe."

Achola alisikia, lakini alisikia kama mtu anavyosikia habari kwenye redio ya jirani. Alikuwa akifikiria kulala.

Mvua ya masika ilifika mwezi wa Machi. Ilinyesha usiku, ikanyesha tena mchana, na kila aliyekuwa na jembe akatoka nalo. Mama Apiyo, jirani yao, alikuja kusimama mlangoni, mkono mmoja kiunoni. Mgongo wake ulikuwa umeharibika tangu alipoanguka na gunia la mahindi. Mwaka uliotangulia viwavi walikuwa wamekula mahindi yake yote, naye aliapa kwamba safari hii shamba lake zima litakuwa la viazi vitamu.

"Mama Achola, nimekuja kuomba mbegu," alisema. "Matuta yako tayari. Nisipopanda sasa, sijui watoto watakula nini ikifika Agosti."

Kwao hakuna aliyemuuzia jirani marando, wala aliyemnyima. Selpha hakuuliza hata ni kiasi gani.

"Utayapata leo," alijibu. "Achola, shuka bondeni umkatie Mama Apiyo. Chukua ncha tu, urefu wa mkono mpaka kwenye kiwiko. Funga mzigo mzuri."

Kisha Selpha akajifunga leso akarudi ufuoni, kwa kuwa mvua ilikuwa imetulia kidogo na omena zilihitaji kuanikwa kabla hazijaoza.

Achola alichukua panga. Siku hiyo walikuwa wamefanya mtihani tangu asubuhi. Usiku uliotangulia paa lilikuwa limevuja na hakuna aliyelala vizuri. Alifika mwanzo wa njia, akautazama ule utelezi mwekundu unaoshuka mpaka kwenye mafunjo, akasimama. Alitazama nyuma, kule jikoni. Marando yalikuwa pale pale, hatua chache tu, na mvua ilikuwa imeyapa ukijani kidogo.

"Marando ni marando," alijiambia.

Aliyakata upesi. Lakini alipoanza kuyafunga, aliona majani yaliyojikunja yakichungulia kila upande wa mzigo. Basi akaketi chini, akayachuma moja moja, akayatupa. Akabakiza machache yaliyoonekana afadhali. Alipomaliza, hakuna ambaye angeujua mzigo ule ulikotoka.

Mama Apiyo aliupokea kwa mikono miwili.

"Ero kamano, asante, mama yangu mdogo. Ulivyochoka hivyo, bado umenishukia bondeni! Apiyo, mletee mwenzako samaki."

Achola alirudi nyumbani na ngege wawili wa kukaanga kwenye sahani. Hakumwambia mama yake neno. Usiku walikula samaki wale, naye akasema hana njaa sana.

Majuma yalipita. Kwa kina Achola, marando yaliyotoka bondeni yalishika ardhi haraka. Yalitoa mizizi, yakatambaa, yakafunika tuta mpaka udongo ukapotea. Yale mabaki ya nyuma ya jikoni Selpha aliyang'oa na kuyachoma. Lakini kila asubuhi Achola alipopita kando ya shamba la Mama Apiyo akienda shuleni, aligeuza macho. Mimea ya pale ilikuwa imechuchumaa. Majani yake yalikuwa madogo kama masikio ya panya, na ulipoligusa tuta kwa mguu, vijidudu vyeupe, vyepesi kama unga, viliruka vikatua tena.

Mama Apiyo aliamini ardhi yake imechoka. Akaamua kuilisha. Jioni baada ya jioni, yeye na bintiye walikwenda kwenye zizi la mzee mmoja wa jirani, wakajaza samadi kwenye makarai, wakaibeba kichwani. Mama Apiyo alipumzika kila baada ya hatua chache, ameshika mgongo, kisha akaendelea.

Shuleni Apiyo alianza kusinzia darasani. Siku moja aliamka shavu likiwa na alama ya kalamu, wenzake wakacheka.

"Wewe cheka tu," Apiyo alimwambia Achola. "Nyinyi viazi vyenu vinakua kama vimeambiwa kuna mashindano. Sisi tumebeba kinyesi cha ng'ombe mpaka nywele zangu zinanuka. Hebu nusa!"

"Toa kichwa chako hapa!" Achola alisema.

Wakacheka wote wawili. Lakini kicheko cha Achola kilikatika kabla ya kile cha mwenzake.

Wiki hiyo hiyo, Mwalimu Wechuli alifundisha somo la Kilimo. Alikuwa na tawi la muhogo mkono mmoja, na mkono wa pili punje za maharagwe.

"Punje hii ni mtoto," alisema. "Ina baba na mama, na mara nyingi huyaacha maradhi ya wazazi nyuma. Lakini tawi hili nikilikata nikalipanda, si mtoto. Ni mmea ule ule, umehamia mahali pengine. Kama ulikuwa na afya, umehama na afya yake. Kama ulikuwa na virusi, umehama navyo."

Achola aliinua mkono. Sauti yake ilitoka ndogo.

"Mwalimu, na viazi vitamu?"

"Vile vile. Rando ni mmea ule ule."

"Na ukiweka samadi nyingi? Si utapona?"

"Samadi ni chakula, Achola. Inatibu njaa. Virusi viko ndani ya utomvu, hakuna mbolea wala maji ya kuviosha. Unang'oa, unachoma, unapanda mbegu safi. Na ufanye haraka, maana nzi weupe hunyonya utomvu wa mmea mgonjwa wakaupelekea mzima."

"Mpaka lini mtu anaweza kupanda upya?"

"Mvua ikiwa bado ipo. Ikikatika, umechelewa."

Nyuma yake Apiyo alikuwa ameshalala tena, kichwa juu ya mikono.

Jioni hiyo Achola hakuvua sare. Alimkuta mama yake kwenye kigoda, miguu ndani ya karai. Alisimama mbele yake, akayatazama yale maji badala ya uso.

"Mama, yale marando ya Mama Apiyo sikuyatoa bondeni. Niliyakata hapa nyuma ya jikoni. Nilichuma majani mabaya ili asijue."

Selpha alitoa miguu kwenye maji, mmoja, kisha wa pili, akaifuta polepole. Achola alingoja kofi, au sauti kali.

"Vaa viatu," Selpha alisema hatimaye. "Twende."

"Si utamwambia wewe?"

"Mimi nitasimama kando yako. Kusema utasema wewe."

Mama Apiyo alikuwa shambani, akimwaga karai la mwisho la siku. Achola alisema yote, tangu utelezi wa njia mpaka yale majani aliyoyachuma. Maneno yalikuwa machache kuliko alivyodhani. Mama Apiyo alisikiliza akiwa ameinama, kisha akaliacha karai lianguke, akaketi juu ya tuta.

"Kwa hiyo samadi yote hii…" Alijishika kiuno. "Jioni zote hizi, na mgongo huu."

"Niwie radhi, Mama."

"Nilikupa samaki, Achola. Nilikusifu mbele ya mwanangu."

Apiyo alimtazama rafiki yake, akatema mate pembeni, akaingia ndani. Achola alilia bila sauti. Hakuna aliyemnyamazisha.

Baada ya muda Mama Apiyo alijipangusa uso kwa upindo wa leso.

"Unajua kinachoniuma zaidi? Ungekuja ukaniambia, 'Mama, leo nimechoka, nitakukatia kesho.' Ningengoja. Mvua haikuwa inaondoka usiku ule."

"Bado inanyesha," Selpha alisema kwa upole. "Na kitalu bado kina marando. Kosa ni la nyumba yetu, na kazi itakuwa yetu."

Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi. Kulipopambazuka Achola alikuwa tayari shambani kwa Mama Apiyo, aking'oa mimea migonjwa mizizi na yote. Waliirundika mbali na matuta, ikauke ichomwe baadaye. Kisha aliteremka bondeni na panga. Alikata ncha zilizonyooka, zenye majani mapana, akapanda nazo ule utelezi mzigo ukiwa kichwani, akashuka tena, akapanda tena. Selpha alikata, Mama Apiyo akaelekeza akiwa amekaa kwenye gogo. Safari ya tatu, Achola alimkuta Apiyo akimngoja katikati ya njia, mikono kiunoni.

"Lete huo mzigo," Apiyo alisema. "Unatembea kama konokono. Na usidhani nimekusamehe."

"Sijadhani."

"Sawa. Maana bado nanuka samadi."

Ile samadi haikupotea bure. Marando safi yaliikuta ardhini ikiyangoja, yakashika kwa nguvu. Mvua ilikatika mapema kidogo mwezi wa Mei, na mchana majani yaliinama kwa joto, lakini jua lilipotua yaliinuka. Achola alikuwa akienda kuhakikisha. Agosti ilipofika, viazi vilikuwa bado vidogo, na nyumba ya Mama Apiyo ilikula uji mwepesi kwa majuma kadhaa, pamoja na kile ambacho Selpha aliweza kugawa. Septemba tuta la kwanza likapasuka. Mama Apiyo alilichimba mwenyewe, akaleta viazi vitatu vyekundu kwenye sahani ile ile iliyobeba ngege.

Jioni hiyo, walipokuwa wakimenya viazi hivyo vikiwa bado moto, Selpha alimwambia binti yake:

"Sikukupiga siku ile, na huenda ulishangaa. Kuchoka si kosa, nyathina. Mimi huchoka kila siku ya Mungu. Mtu akichoka aseme, na wenzake wataona la kufanya. Lakini ukiuficha uchovu wako ndani ya mzigo wa mtu mwingine, haupotei. Yeye ndiye ataubeba, na atabeba mwingi kuliko ule uliokuwa wako. Umemwona Mama Apiyo na makarai yake."

"Nimemwona, Mama."

"Basi kumbuka. Sasa, kabla hatujachimba vyetu vyote, kuna mimea ya kuchagua. Ile iliyostawi zaidi uifunge kitambaa kama alama, tuikate mbegu ya mwakani. Unaweza kwenda sasa, kabla giza halijashika sana?"

Achola alitazama nje, kisha akaitazama miguu yake iliyojaa vumbi.

"Mama, leo nimechoka sana. Nitakwenda kesho asubuhi."

Selpha alicheka kidogo, akamsogezea kiazi kilichobaki.

"Kesho asubuhi," alisema. "Tutakwenda wote."