Muhuri wa Pili Chini ya Kiti

Kila asubuhi Olavo alipiga randa, na mkewe Jandira alichora viti kwenye meza ya dirishani. Nje, jiji la São Paulo lilizidi kupanda ghorofa. Wakazi wa ghorofa hizo walitaka viti vyepesi, si magogo ya mababu.

Mwaka ule Jandira alibuni kiti kifupi cha jakaranda, kikalio chake kikawambwa kwa kamba za katani. Makumbusho ya jiji yalikitaka kwa maonyesho. Kwa desturi ya karakana, Olavo akatia muhuri wa chuma motoni ili achome jina chini ya kiti. Jina lilikuwa moja: OLAVO. Jandira alitazama, akarudi kwenye mchoro wake.

Jirani yao, Bi Zulmira, akapiga hodi. Yeye ndiye aliyekuwa akiandika vibao vya maelezo kule makumbusho.

"Kahawa inanisubiri?"

"Kila siku. Umekuwa mpangaji," Olavo akamtania.

"Basi nipe ufunguo." Akakikalia kile kiti, akashusha pumzi. "Bwana Olavo, mbona kamba zimekwenda mwelekeo mmoja tu, bila kupishana?"

Olavo akajikuna kichwa. "Mke wangu, mbona mwelekeo mmoja?"

"Hewa ipite," Jandira akajibu. "Na kamba moja ikilegea, unaikaza hiyo bila kufumua zote."

"Na mgongo wa kiti kulala hivi?" Bi Zulmira akauliza.

"Nilimpima mama mkwe, na kiuno chake kile kinachomuuma, akichambua maharage."

"Kumbe kiti ni cha Jandira," Bi Zulmira akasema.

"Ni cha karakana," Olavo akamsahihisha. "Karakana hubeba jina la bwana. Hata baba alifanya hivyo. Na sisi ni mwili mmoja."

"Mwili mmoja, sawa. Lakini kilichobuni ni kichwa cha nani?" Bi Zulmira akatua kikombe. "Nikiandika Olavo, anayetaka kiti kingine atamwita Olavo. Miaka ikipita, Jandira atakumbukwa kwa kuleta kahawa. Kule makumbusho vipo viti vya namna hiyo: jina la mume lipo, la mke limepotea. Kutaja jina si kujisifu, wala si kumpokonya mume. Tuseme aliyebuni na aliyetengeneza. Nawe Jandira, mchoro utie sahihi siku unayouchora."

Olavo akamgeukia mkewe. "Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utaona nakuvua kofia mbele za watu."

"Kofia hii yenye matundu? Ichukue."

Olavo akauchomoa muhuri motoni, akaenda kwa mhunzi. Aliporudi alikuwa na wa pili, wenye jina JANDIRA. Akaupasha moto, akampa mkewe. "Bonyeza mwenyewe."

Kibao cha makumbusho kiliandikwa: Mbunifu, Jandira Queiroz. Fundi, Olavo Queiroz. Kabla maonyesho hayajaisha, mkuu wa maktaba moja akafika karakana.

"Namtafuta Jandira."

"Yule dirishani," Olavo akasema, kifua mbele. "Mimi ni fundi wake."

Maktaba ilitaka viti vya chumba cha kusomea. Wakapata kazi ya msimu mzima. Lakini kiti cha kwanza cha msimu huo hakikwenda maktaba. Jandira alikibeba hadi kwa Bi Zulmira.

"Asante, jirani. Ulinirudishia jina langu."

Bi Zulmira hakukaa. Alikipindua kwanza kile kiti, akapitisha kidole kwenye majina mawili yaliyochomwa.

"Haya," akasema. "Sasa nakaa."