Doa la Mkia wa Kilemba

Kila asubuhi Kesar, mjukuu wangu wa kike wa miaka kumi na mmoja, hukamua mbuzi, ananiletea chai, halafu anasimama palepale kusikiliza kifua changu kinavyopiga filimbi. Nimechonga mawe miaka thelathini, watoto wangu. Vumbi la machimbo nimelila kuliko mkate wa uwele.

Basi siku moja gari la kupiga picha za kifua, lenye kompyuta ya kuzisoma, likaja kijijini. Tukapanga foleni. Hukmaram, mchonga mawe mwenzangu, akaanza maneno yake: "Wewe mzee, kompyuta ikikuona itaomba likizo!"

"Itakimbia sura yako kwanza," nikamjibu. Lakini moyoni nilikuwa naogopa, siwafichi.

Kijana wa picha akasema, "Babu, vua cheni, hirizi, kila kitu." Kilemba hakukigusa. Kwetu nani atamwambia mzee avue kilemba mbele za watu? Nikavua hirizi ya mungu wetu Bhairuji, kimfuko cha majivu na chenga za shaba alichonifunga marehemu mama, nikampa Kesar.

"Babu, ngoja nikunyooshee mkia wa kilemba," akasema, akahangaika mgongoni kwangu. Nikaingia.

Kompyuta haikuchukua hata muda wa kupiga chafya. Ikachora duara jekundu juu ya pafu langu la kulia. Daktari Nirmala, aliyekuja na gari hilo, akanishusha nje kwa wenzangu.

"Babu, hivi vidoa vidogo ni vumbi la mawe. Lakini hili doa kubwa silipendi. Kesho uende Jodhpur, hospitali kubwa."

"Ni uvimbe, binti yangu?"

"Sijui bado. Usichelewe tu."

Mke wangu Dhapu akakaa chini mchangani kama mzigo uliokatika kamba. Hukmaram naye hakutania tena, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Nikaanza kufikiria nani atamwoza Kesar. Kumtazama, meno yanamgongana.

"Una nini wewe?"

"Babu, usinipige."

"Nimekupiga lini mimi?"

"Hirizi nimeifunga ndani ya mkia wa kilemba. Niliogopa Bhairuji akikuacha utafia humo ndani." Akalia mpaka kwikwi.

Daktari akaufungua mkia, akatoa kimfuko. "Turudie. Na kilemba nacho, Babu."

Miaka arobaini sijaonyesha watu kichwa changu. Hukmaram akageuka, akanipa mgongo. Na wa nyuma yake akageuka. Foleni nzima, wake kwa waume, ikatazama machimboni. Nikavua.

Duara jekundu halikuwepo. Vile vidogo vilibaki. Daktari akasema vumbi hilo halitoki tena, ila nikiacha machimbo na kushika dawa, pumzi zitanifikisha mbali. Patasi nikampa Hukmaram siku ileile.

Kesar alikuwa bado ameinama. Nikamwambia, "Mama, kuogopa si kosa, hata mimi niliogopa. Lakini mashine inaona kilicho mbele yake tu, haijui tulichoficha. Ukificha, kinachopona ni uongo, mgonjwa anabaki na ugonjwa wake. Ukiogopa, sema kwa sauti. Haya, nifunge hirizi yangu."

Akaifunga shingoni pangu, mbele ya watu wote.