Sauti ya Kisa cha Nne

Asubuhi ile Leticia alipofungua kompyuta, mwanamke aliyemchora jana yake alikuwa amegeuza shingo. Alimwacha akitazama kisima. Sasa alimtazama yeye.

"Umechoka," Loveness alimwambia. "Nani mwingine wa kumchora kama si wewe?"

Walikuwa na chumba cha kupanga cha kufanyia kazi huko Pongwe, nje ya mji wa Tanga, marafiki tangu utoto wao kwenye kambi ya mkonge. Walikuwa wakitengeneza filamu ya katuni ya watu wazima, visa vinne vya kutisha ndani ya filamu moja. Leticia alichora; Loveness alitafuta sauti na ukumbi wa kuionyesha. Vitatu vilikwisha. Cha nne, cha jini wa kike akaaye kisimani, kilikosa sauti. Kila waliyemrekodi alisikika anaigiza.

Siku zilizofuata chumba kilinuka udi na nywele mbichi, wala hakuna aliyefukiza. Mwanamke wa kwenye picha akaanza kufumbua mdomo bila kuchorwa. Leticia naye sauti ikaanza kumpotea, kwanza kama mafua, kisha ikabaki mnong'ono, mpaka mchana mmoja, jua likiwaka na watoto wa jirani wakicheza uani, alivaa hedifoni akasikia, kutoka kinywani mwa yule mwanamke, kicheko chake mwenyewe, kile kile ambacho mama yake humtania nacho, kisha sala aliyoisali alfajiri ile peke yake kitandani nyumbani kwao, neno kwa neno, kisha jina lake likiitwa polepole, mara ya pili kwa upole zaidi kuliko ya kwanza.

"Loveness, njoo usikie," alinong'ona.

Loveness alisikiliza. Hakushtuka. "Ndiyo sauti tuliyokuwa tunaitafuta," alisema.

Mama yake Leticia akamwita Bi Zuwena, mganga wa Ushongo. Alifika pale chumbani, akapokea shikamoo za wasichana, akaketi sakafuni, akafukiza ubani na kusoma aya. Kisha akamuuliza jini, "Kwa nini umevamia humu?"

Kompyuta ilikuwa imezimwa. Sauti ya Leticia ikajibu kutoka ndani yake. "Sikuvamia. Nimepewa."

"Na nani?"

"Mwenzake. Alikuja kwenye kisima changu cha pangoni, na kanga ya Leticia mkononi. Alisema, chukua sauti, nipe filamu."

Leticia alimgeukia Loveness. Loveness alitazama sakafu. "Nilidhani ni ya kuazima tu, Leti."

"Aliyeitoa ndiye wa kuidai," Bi Zuwena alimwambia Loveness. "Mwambie jini sasa hivi kwamba unaitaka."

"Nitasema, Bi. Onyesho likipita tu. Watu wameshaalikwa."

Bi Zuwena alifunika chetezo chake. "Basi mimi sina kazi hapa."

Siku ya onyesho, katika ukumbi mmoja mjini Tanga, hakuna aliyethubutu hata kukohoa kisa cha nne kilipoanza. Mwishoni wakamuuliza Loveness, jukwaani, sauti ile ni ya nani.

"Ya rafiki yangu," alisema akitabasamu. "Hapendi kujulikana."

Leticia alinyanyuka kwenye kiti cha nyuma, akafumbua mdomo. Ikatoka pumzi tupu. Akamsubiri mlangoni mpaka taa zikazimwa; Loveness alikuwa ameshatokea mlango wa nyuma.

Kesho yake akaenda kwenye chumba chao cha Pongwe. Simu ya Loveness haikupatikana. Dirishani aliona chumba kitupu, hata kiti hakikubaki. Akagonga mlango hata hivyo, kwa ngumi, akagonga tena. Ndani, nyayo zenye maji zikasikika zikisogea taratibu mpaka nyuma ya mlango, zikasimama, na sauti yake mwenyewe ikauliza kwa utulivu, "Nani?"

Hana sauti ya kujibia, Leticia akagonga tena.