Zamu ya Igowole

Pini ile hakuichomeka yeye, na hilo Asukile alikuwa tayari kuliapia mbele ya mchungaji yeyote. Ramani ya Tanganyika ilitanda ukuta mzima wa ofisi ya kampuni ya matofali pale Mbeya, na kila tanuru la kampuni alilichomekea pini nyekundu kwa mkono wake mwenyewe: Tanga, Moshi, Dodoma, Iringa, Mbeya hapa hapa, na mengine kule magharibi. Jioni alifunga mlango akaondoka na ufunguo. Asubuhi alikuta pini ngeni imesimama peke yake kwenye vilima vya Mufindi, palipoandikwa Igowole. Akaing'oa. Ilikuwa ya moto, kama kijiko kilichosahauliwa ndani ya uji.

Alitukana kimoyomoyo. Mtu kamaliza Makerere, tena jiografia, kisha kapiga hodi kwenye kila ofisi yenye bati juu kutoka Mbeya hadi Iringa, na kila ofisi imemjibu kwa tabasamu lile lile: we shall let you know. Hawakumjulisha kitu. Sasa kapewa kibarua cha muda: achambue jinsi matanuru ya kampuni yalivyotawanyika nchini, aseme lipi lifungwe na jipya lijengwe wapi. Akipatia, anaandikwa permanent. Akikosea, anarudi kukalia kigoda cha jikoni kwa kaka yake, huko Ilomba, na hata kigoda hicho hakikuwa na uhakika.

"Shemeji, ndiyo kazi waliyokufundisha Makerere, kuchoma pini ukutani?" Tusajigwe, mke wa kaka yake, alimuuliza jioni hiyo akimpakulia ndizi. "Mbona mimi nafungia nguo kwa pini kila siku na sijaona mzungu wa kunivalisha joho."

"Inaitwa distribution, shemeji."

"Ndaga, asante. Sasa hiyo distribution ikupe na pa kulala. Kaka yako kasema mwezi ukiisha anakitaka chumba chake."



Uchambuzi wenyewe haukuwa mgumu. Tofali ni zito. Lori likilibeba mbali mno, petroli inakula faida yote. Kwa hiyo alichukua bikari akachora duara kuzunguka kila tanuru, umbali ambao lori linaweza kwenda na kampuni isipate hasara. Huko Moshi na Tanga maduara yalipandana kama mikeka. Lakini kati ya duara la Mbeya na duara la Iringa palibaki pengo tupu, jeupe, la kutia aibu. Alipima katikati ya pengo lile kwa rula, akapima tena. Katikati ilikuwa Igowole. Na pini, aliyoing'oa jana na juzi, ilikuwa imekwisha rudi pale ikimsubiri, kana kwamba kuna mtu aliyeifanya hesabu yake kabla yake na akaipatia.

Mchana wa mvua ndipo aliposikia. Kwanza harufu: udongo mbichi uliotiwa motoni, harufu inayokaba koo. Kisha mlio, ta, ta, ta, mlio wa kalibu za mbao zikigongwa ili tofali litoke, na Asukile akasema moyoni ni fundi wa jirani, halafu akakumbuka jirani ni duka la Mhindi, akasema ni mvua kwenye bati, lakini mvua haipumziki ikavuta pumzi ikakohoa kifua cha mtu mzima na kuendelea, na mlio haukutoka juu wala nje bali ukutani, nyuma ya karatasi, pale pale ilipokuwa pini, ambako ramani ilikuwa imeanza kufura na kulowa jasho.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Silvester Kalinga, karani mkuu, Mhehe wa Iringa, mtu asiyevua tai hata akila. Aliitazama ramani, akaufunga mlango nyuma yake taratibu.

"Umeichomeka wewe hiyo?"

"Nilidhani wewe, Mzee. Nilidhani unanifanyia fitina nisiajiriwe."

"Punguza sauti. Pale palikuwa na tanuru letu. Liliporomoka na watu wakiwa ndani, wanapanga tofali. Bwana Mkubwa wa wakati ule akaamuru lifukiwe vile vile. Na kilio akakikataza, wachomaji wa kwingine wasije wakasikia wakakimbia. Wajane walitishwa wakanyamaza."

"Sasa?"

"Sasa nini? Wewe si Mnyakyusa, kwenu hamjui kilio? Mtu hakuliliwa, matanga hayakuanuliwa, ataambiwa na nani kwamba amekufa? Wale wanajijua wako kazini. Madereva wa pwani wanasema ni jini limekalia shimo. Mimi ni Mkatoliki, sijui niliite nini. Ninachojua ni kwamba linachoma tofali."

"Haliondoki?"

"Linaondoka. Msimamizi wa kazi aende, amwage ulanzi, pombe yetu ya mianzi, mlangoni mwa tanuru, awaambie kazi imekwisha, nendeni nyumbani. Lakini neno hilo likishatoka, ardhi ile imefungwa. Hakuna Mhehe wala Mbena atakayechimba udongo pale tena. Ing'oe, mwanangu. Ripoti yako iandike Njombe."

Asukile alijaribu Njombe. Haikuziba pengo. Alijaribu Makambako, mahesabu yakamcheka. Akafikiria kigoda, na we shall let you know. Siku iliyofuata aliikuta pini mahali pake, akaiacha.

Bwana Mkubwa mpya aliisoma ripoti akiwa amesimama. "Splendid. Reopen Igowole," alisema. "Na wewe ndiye utakuwa msimamizi. Permanent."

Kalinga hakumpongeza. Alimpa kibuyu cha ulanzi. "Ukifika, maneno yale kwanza."

Jailos, dereva wa lori, alimshusha asubuhi kwenye ukungu na kukataa kuzima injini. Asukile alishuka bondeni na kibuyu chake, nyasi zikimlowesha suruali mpya, na kadiri alivyoshuka ukungu ulipata joto, ukapata harufu ile, na milio ya kalibu ikaja pande zote, mbele na nyuma na chini ya viatu vyake, mpaka alipoona migongo, migongo ya kijivu iliyoinama, iliyopasuka kama tofali lililoiva vibaya, na ndani ya nyufa zake kulikuwa na wekundu unaopumua.

Mmoja alijinyoosha.

"Kamwene, bwana msimamizi."

"Kamwene," mdomo wake ulijibu kabla hajauamuru.

"Tumechoka. Hajaja mtu kutuambia saa ya kutoka."

Kizibo cha kibuyu kilikuwa tayari mkononi. Sentensi moja tu. Kisha arudi Mbeya kuwaambia kwamba hakuna tanuru, na pengo libaki pengo, na shemeji ampakulie ndizi kwa maneno yale ya kejeli. Wote walikuwa wameacha kugonga, wanamngoja. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, watu walikuwa wanangoja neno lake.

"Carry on," alisema. "Endeleeni na kazi."

"Ndiyo, bwana." Walimwitikia bila chuki na kuinama tena. Yule mmoja tu ndiye aliyebaki akimtazama, kwa huruma kabisa.

"Na wewe," alimuuliza, "atakuja nani kukuambia?"

Huko juu honi ililia, ikalia tena. Baadaye Jailos alishuka mwenyewe, akipapasa ukungu, akiita, "Bwana Asukile, we bwana." Alikanyaga katikati ya migongo ile bila kuiona. Alisimama karibu mno, hata Asukile akaona matone ya umande kwenye nyusi zake, akafungua kinywa amwitikie. Kilichotoka kilikuwa udongo.

Jailos aliokota kibuyu kilichoanguka miguuni pa Asukile, akakinusa, akatazama huku na huku kwenye nyasi tupu. Kisha akapanda kilima mbio. Lori lilipoacha kusikika, mtu alimwekea Asukile kalibu mikononi, akamsogezea udongo.