Daktari Aliyekataa Kumpasua Tihomir

Tihomir aliinua gunia la kabichi, akakunja uso, akajishika kinena. Soko la mji wa Novi Sad lilifurika watu waliokuja kununua kabichi za kuchachusha kwa ajili ya majira ya baridi. Mbele yake alisimama mwanamke wa koti jekundu, manukato yake yakishinda harufu ya vitunguu.

"Kaka, hiyo ni ngiri," alisema, bila kupunguza sauti.

Wateja wakageuka. Tihomir akaona haya mpaka masikioni. "Dada, hapa tunauza kabichi tu."

"Na mimi napasua ngiri tu. Naitwa Nevena."

Majani hayajaisha kupukutika mitini, wakawa hawalali bila kupigiana simu. Jioni moja, wakila mkate wa nyama, Nevena alimweleza upasuaji wa ngiri: matundu matatu madogo, kamera, kisha wavu laini unapitishwa na kutandazwa nyuma ya msuli.

"Kwa nini nyuma?"

"Gunia lako la kabichi likitoboka, kiraka cha nje kinasukumwa kibanduke. Cha ndani, mzigo wenyewe unakibana. Kazi ni kukitandaza kisikunjamane."

"Basi mikono hiyo ndiyo initandazie, moyo wangu."

Nevena hakujibu, akamlisha kipande cha mkate. Tihomir, aliyefunzwa na mama yake kwamba kunyamaza ni kukubali, akaridhika.

Siku ya upasuaji alilazwa mezani, akayatafuta macho ya Nevena juu ya barakoa. Akaona nyusi nyeupe za mzee.

"Nevena yuko wapi?"

"Amekukabidhi kwangu, kijana. Amesema hawezi kukugusa."

Moyo ukampasuka. Kabla hajauliza zaidi, dawa ya usingizi ikamchukua pamoja na fedheha yake.

Alipozinduka aliiacha simu ya Nevena ilie, ikalia tena, mwisho akapokea.

"Umenitupa mezani kama kabichi."

"Nilikuwa mlangoni, nautazama wavu kwenye skrini. Umetandaa vizuri, hauna kunjo."

"Ulisema huwezi kunigusa."

"Tiho, sisi wapasuaji hatumpasui mtu wa nyumbani kwetu. Mkono unatetemeka."

"Mimi si mtu wa nyumbani kwako."

Pazia la wodi likasogea. Nevena akaingia, koti jekundu juu ya nguo za kijani za kazi, simu bado sikioni.

"Hilo ndilo nimekuja kukuuliza," alisema, "kama utakuwa."

Kicheko kikampanda Tihomir, kidonda kikakirudisha.

"Usinichekeshe, mke wangu," alisema, akijishika tumbo. "Nitakuwa. Ila kabichi za mwaka huu utabeba wewe."