Nitawasindikiza Mpaka Darajani

Jua lilikuwa limebakiza kipande kidogo tu juu ya mapaa wakati Mizani alipozima gari mbele ya geti la wakwe wa mdogo wake. Hakuja kukaa wala kunywa chai. Alikuja kumchukua mdogo wake na kichanga chake cha siku tisa, wapakie, waondoke. Basi.

Jina la Mizani alilipatia kazini. Alikuwa karani wa mizigo kwenye ofisi ya vifurushi, na kwa miaka kumi na moja aliyosimama kwenye mzani, aliweza kutazama gunia kwa jicho tu akakutajia kilo zake. Mdogo wake walimwita Kasuku, maana tangu utotoni mdomo wake haukuwa na likizo. Lakini wiki hiyo Kasuku alikuwa ametuma ujumbe mmoja tu kwenye simu: *Dada njoo unichukue. Usimwambie mtu.*

Kabla ya kushuka, Mizani alitupia jicho dashibodi. Gari lilikuwa la zamani, la mkono wa tatu, lakini lilikuwa na kijikompyuta cha safari kilichoandika kilomita zilizobaki kabla ya mafuta kuisha. Sasa kilisema 95. Nyumbani ni kilomita arobaini na tano. Mafuta yapo ya kutosha na ya kubaki.

Fundi Waya, aliyekuwa akimtengenezea gari, ndiye aliyemfundisha kukisoma. "Usiichukulie hiyo namba kama mafuta," alimwambia. "Mshale ndio unaosoma tangi. Namba ni makadirio. Inatazama umekuwa ukila mafuta kiasi gani kilomita za karibuni, halafu inapiga hesabu. Ukibeba mzigo au ukipanda mlima, itashuka. Ukiteremka, itapanda. Sawa, dada?"

Sawa.

Kasuku alikuwa tayari mlangoni, mtoto kifuani, begi moja miguuni. Amekonda. Hata kusalimia hakusalimia. Aliingia kiti cha nyuma, akajikunja na mwanawe, akafunga mlango polepole kama mtu anayeogopa kuamsha nyumba.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya geti, akijisugua magoti kwa dawa ya kafuri. Harufu yake ilifika mpaka ndani ya gari.

"Mnaondoka," alisema. Hakuuliza.

"Tunaondoka, mama. Mtoto tutampeleka kliniki karibu na kwangu," Mizani alijibu, akijitahidi kutabasamu. "Mume wake akirudi safari atatukuta huko."

Bibi alisimama kwa taabu. Akaja upande wa kushoto, akaweka kiganja chake kwenye kioo cha mlango wa mbele, penye kiti kitupu. Akakiacha hapo muda mrefu kuliko inavyopaswa.

"Mjukuu wangu hawezi kuondoka hivi hivi," alisema kwa sauti ya chini. "Nitawasindikiza. Mpaka darajani tu."

Akarudi kwenye kigoda chake, akakaa, akafumba macho.

Mizani aliwasha gari na kuondoka. Kwenye kioo alimwona bibi bado amekaa palepale, kidevu kifuani, mikono imelegea. Kama nguo iliyoachwa na mwenyewe.

Ti... ti... ti...

Taa ndogo nyekundu iliwaka kwenye dashibodi. Abiria wa mbele, funga mkanda.

Mizani alitazama kiti cha kushoto. Kitupu. Hakuna begi, hakuna hata karatasi. Alikipiga kwa kiganja, maana magari ya zamani yana visirani vyake. Mlio ukaendelea.

"Zima hiyo," Kasuku alinong'ona.

"Haizimiki. Ni waya tu."

Barabara kutoka pale mpaka darajani ni kilomita ishirini, na zote ni mteremko, katikati ya misonobari. Mizani alitegemea namba ipande kidogo, kama alivyofundishwa. Ilisoma 95. Baada ya kona mbili ikasoma 80.

Halafu 66.

Alitazama mshale wa mafuta. Haujasogea hata unywele. Alibonyeza kitufe, kijikompyuta kikaonyesha matumizi. Siku zote gari lile lilikula lita nane kwa kilomita mia. Sasa kiliandika kumi na tano. Akiwa bado anatazama, kikaandika kumi na tisa.

Tangi halivuji, aliwaza. Lingevuja, mshale ungeshuka. Hapa mafuta yapo. Kinachoongezeka ni mzigo.

Ndipo alipohisi usukani unavutwa kushoto. Gari lilikuwa limeinama upande ule. Jicho lake la kazini likafanya lilichozoea, hata kabla hajalikataza. Kilo hamsini. Sitini na tano. Na zinaongezeka.

Kiza kilikuwa kimeshaingia kwenye misonobari. Harufu ikaja.

Kafuri.

"Dada..." Sauti ya Kasuku ilikuwa nyembamba kama uzi. "Yuko humu. Si ndiyo?"

Mizani alirudisha macho kwenye dashibodi. Namba ilisema 31. Darajani, kilomita kumi na mbili.

"Kasuku, niambie ukweli. Wale watoto wako wawili wa kwanza, waliofariki. Mlituambia homa."

Kasuku, ambaye wiki nzima hakusema neno, alisema yote kwa pumzi moja. "Hawakuwa na homa kali, dada. Walikuwa wanalia tu usiku. Kila mara mama mkwe ndiye aliyesema twende hospitali, na kila mara alikaa mbele, mtoto amempakata yeye. Nilikuwa nyuma, hapa hapa. Tukifika darajani mtoto ananyamaza. Wote wawili. Darajani, dada. Nikimwuliza, ananiambia amelala."

Mtoto alikohoa. Kikohozi kidogo, kikavu. Halafu kingine.

19.

"Anapumua vibaya," Kasuku alisema. "Dada, midomo yake... simamisha gari!"

Mguu wa Mizani ulikwenda kwenye breki wenyewe. Akauondoa. Asimame wapi, katikati ya msitu, na huyo kando yake? Simu hazikuwa na mtandao. Nyuma ni kwa bibi. Mbele ni daraja. Na kando yake, chini ya mlio wa taa, sasa alisikia kitu kingine.

Pumzi. Ya kizee, yenye makohozi, ikivutwa polepole... polepole... Na kila ilipovutwa ndani, mtoto kule nyuma alikosa hewa.

11.

Ti... ti... ti...

Mizani aliitazama ile taa nyekundu. Tangu geti ilikuwa inadai kitu kimoja tu.

"Kasuku. Mlaze mtoto kitini, mshike kwa mkono mmoja. Mkanda wa kiti cha mbele uko hapo kwenye nguzo, karibu na kichwa chako. Uvute. Uvute mpaka mwisho, unipe."

"Dada, siwezi kunyoosha mkono pale."

"Mwanao huyo! Vuta!"

Kasuku alivuta. Mkanda ulitoka kwa kukwaruza. Mkono wake ulipopita juu ya kiti kitupu alitoa sauti ya mtu aliyeguswa na moto. "Kuna joto," alilia. "Dada, kuna mtu, kuna nguo..." Lakini hakuuachia. Mizani aliudaka ulimi wa mkanda kwa mkono wa kushoto. Kitu kama vidole vikavu kilimshika kwenye kifundo cha mkono. Akasukuma chini kwa nguvu zake zote.

Klik.

Taa ikazimika. Mlio ukakatika.

Kiza kilitosha kuficha mengi, lakini si lile. Mkanda haukulala kwenye kiti. Ulikuwa umekaza hewani, umepinda kwenye bega na kuzunguka kiuno, kiunzi cha mtu ambaye hayupo. Ukatetemeka. Ukavutwa mbele mara moja, mara mbili, kwa hasira. Ukashika.

2.

Daraja lilitokea kwenye mwanga wa taa. Namba ikawa sifuri, kisha vistari vitatu. Injini ilikohoa, ikakaribia kufa. Mizani alikanyaga mafuta na kupiga kelele, hajui alisema nini. Magurudumu yaligonga mbao za daraja, du-du-du-du, muda mrefu kuliko urefu wa daraja lolote duniani.

Wakatoka upande wa pili.

Mtoto alilia. Kilio kikubwa, cha mtoto mwenye njaa na mapafu mazima.

Nyumbani walishuka wote kwa mlango wa kulia. Mkanda waliuacha ulivyo.

Asubuhi Fundi Waya alikuja. Aliinua gari, akagonga, akacheka. "Breki ya mbele kushoto imekamata, dada. Ndiyo maana gari lilikuwa zito, likavuta upande mmoja, likala mafuta. Namba haikudanganya. Na taa ya mkanda, kiti kimelowa tu, waya zinagusana."

Mizani alinyoosha kidole kwenye kiti cha mbele. "Na mkanda?"

"Mkanda una nini?" Fundi aliingiza kichwa, akanyoosha mkono kuufungua. Kisha akautoa mkono taratibu. Akaupangusa kwenye suruali, mara nyingi. Alikusanya spana zake bila kumtazama mtu. "Betri nimeichomoa," alisema akiwa getini. "Usilipeleke kwa fundi mwingine."

Siku ya nne alifika mume wa Kasuku, macho mekundu kwa safari. Alimpakata mwanawe, akambusu, akalia kidogo bila aibu. Alikuwa mtu mwema, wala hapo hapana ubishi.

"Mama ni mgonjwa," alisema. "Tangu mlipoondoka hajainuka kitandani. Ana alama, shemeji, nyekundu, kutoka begani mpaka kiunoni, kama amefungwa kamba. Daktari haelewi. Halafu anasema neno moja tu, 'Nifungueni.' Nikimwambia, mama, hujafungwa, ananikasirikia. Jana ndiyo akasema vizuri. Eti nije kwenu, niombe ufunguo wa gari. Eti mtajua." Alicheka kwa kuona haya. "Homa hiyo, najua. Lakini ni mama yangu. Nimfanyie tu, roho yake itulie."

Ufunguo ulikuwa mezani, kati ya vikombe.

Ni Kasuku aliyeuliza, kwa upole kabisa. "Akipona, amesema atafanya nini?"

Uso wa mumewe ulichangamka. "Hilo ndilo lililonipa moyo. Amesema akiinuka tu, kabla ya yote, atakuja kumpakata mjukuu wake."

Kasuku alinyoosha mikono, akamchukua mtoto kutoka kwa baba yake. Kisha akauchukua na ufunguo, akautumbukiza ndani ya blauzi yake, akaanza kunyonyesha.

"Kunywa chai, baba," alimwambia. "Inapoa."