Si Rangi ya Viatu

Asubuhi hiyo Kitinda, binti wa mwisho wa fundi viatu, alikuwa akisugua choo. Akaona matone mekundu.

"Baba, umemwaga rangi chooni tena!"

"Ndiyo, mwanangu. Nilinawa humo," akajibu baba, macho kwenye sindano.

Kitinda akakitazama kiatu alichoshika baba. Cheusi. Wiki nzima baba alipaka viatu vya shule, vyote vyeusi. Nyekundu ilitoka wapi?

Kumuuliza baba mambo ya choo? Aliona aibu. Akaenda kwa jirani yao muuguzi, ambaye wote humwita Shangazi.

Shangazi akaja na kiatu kilichoachama. "Kaka fundi, hiki kinanicheka."

"Kimeona sura yako!"

Wakacheka. Kisha Shangazi akashusha sauti. "Kaka, unakojoa damu?"

Baba akamkata jicho Kitinda. "Mara mbili tu. Haiumi. Na imeshakata."

"Hapo ndipo wengi hudanganyika. Damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata bila maumivu, ni ya kupimwa. Inaweza kuwa maambukizi, mawe, au saratani ya kibofu. Na hizo sigara zinaongeza hatari."

Hospitalini wakampima. Ilikuwa saratani, lakini ilikuwa bado changa. Madaktari wakaiondoa kwa kifaa kinachopitishwa kwenye njia ya mkojo. Wakaonya: inaweza kurudi, kwa hiyo baada ya miezi mitatu arudi kuchunguzwa.

Kitinda akaandika tarehe kwa chaki mlangoni mwa kibanda cha baba cha kushonea viatu. Baba akaacha sigara, kwa kununa. Kwa siku kadhaa baada ya matibabu alikwenda haja ndogo kila mara, na hakuna aliyemtania.

Tarehe ikafika. Baba akakaa kwenye kigoda chake kama kawaida.

"Nimepona. Niende kufanya nini? Watu wanataka viatu vyao."

Kitinda akamsogelea. "Baba, ukimaliza kushona kiatu, si unavuta uzi kuona kama umeshika?"

Baba akautazama uzi wa kiatu kilichokuwa mapajani.

"Nenda na Shangazi. Leo sina shule. Viatu nitawapa wenyewe mimi."

"Mdomo huo umeutoa wapi, wewe bubu wangu?" Akavua aproni.

Saa nne Kitinda akatuma ujumbe: "Baba, mwenye buti kachukua. Umeingia?"

Ujumbe haukufika; simu ya baba ilikuwa imezimwa. Shangazi alishasema: mlangoni mwa chumba cha kipimo, simu huzimwa. Na baba hazimi simu ovyo, wateja watampigia nani? Basi ameingia.

Kitinda akailaza simu kando ya gundi. Akachukua kiatu kilichofuata, akavuta uzi.